Shangazi Aliyezijaribu Kompyuta Kabla ya Kuziamini

Baada ya miaka ishirini na tisa katika maktaba yetu, tarehe thelathini ya mwezi huu fundi wetu wa kompyuta anastaafu. Sote tunamwita Shangazi, hata Mkurugenzi, ambaye analingana naye umri. Nimeombwa niandike mimi ninayefagia na kupika chai, maana ndimi niliyeshinda naye zaidi. Shule yangu iliishia mapema, basi nikikosea mnisamehe, moyo haukukosea.

Shangazi alianza kwa kuchapa kadi za vitabu kwa taipureta. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilifunikwa kitambaa kama bibi harusi, watu wakawa wanaipita mbali. Yeye aliifunua, akaifungua kwa bisibisi, akaona hamna jini ndani. Miaka ikaenda. Wenzake walivaa mikufu, yeye akavaa flashi kwenye kamba ya kiatu. Ndani yake mlikuwa na Linux, programu ya kuendeshea kompyuta ambayo mtu yuko huru kuitumia, kuichungulia na kumgawia jirani bila kupiga hodi kwa yeyote.

Desturi yake tunaijua. Hawekei kompyuta kitu kabla ya kuiwasha kwa ile flashi, kwa kujaribu tu, bila kugusa kilichomo. Anakaa nayo kama mtu anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Sauti ipo? Waifai ipo? Ikilala, inaamka? Majibu anayaandika kwenye utepe wa karatasi na kuubandika tumboni mwa mashine. Mchana, mwanga ukichujwa na mapazia ya chumba cha kusomea na feni ikizunguka kivivu, nilikuwa nikimwona katikati ya skrini za buluu kama mtu aliyekaa chini ya maji, nikasahau hata ndoo yangu.

Kompyuta za siku hizi ni kaidi. Alinieleza mimi nikaelewa, nanyi mtaelewa. Ndani ya kila moja kuna programu ndogo iliyotiwa kiwandani, wanaiita fimwea. Ndiyo inayoamka kabla ya wote, kama mama mwenye nyumba, ikaamua nani aingie. Katika kompyuta mpya mama huyo ameagizwa asimfungulie mgeni asiye na muhuri anaoujua. Kipande cha waifai nacho kinahitaji fimwea yake. Usipokipa, kinalala usingizi wa pono.

Mwaka juzi zililetwa kompyuta kumi na mbili, na muuzaji alikuwa amezifunga kwa neno lake la siri tusiweze kubadilisha chochote. Mkurugenzi akasema tuzitumie hivyo hivyo. Shangazi hajawahi kupandisha sauti, na siku ile hakupandisha.

"Bosi, kitu usichoruhusiwa kukifungua si chako. Umekaribishwa tu."

Akamwandikia muuzaji barua tatu mpaka lile neno likatoka.

Halafu akateleza, na mwenyewe amesema niandike. Jumatatu wanafunzi wanaosoma kwa mbali walikuwa wafanye mtihani wa mtandaoni katika chumba chetu. Kitindamimba wangu alikuwa mmoja wao, na hiyo ilikuwa nafasi yake ya pili na ya mwisho. Kwa haraka, Shangazi aliamini utepe alioubandua kwenye kompyuta ya mfano ya muuzaji, aliyoijaribu wiki tatu nyuma kabla haijarudishwa kwake. Ijumaa iliyotangulia akaziwekea zote kumi na mbili Linux bila kuzijaribu. Kumbe zilikuwa pacha wa uso, si wa matumbo. Zilitiwa kipande kingine cha waifai. Zikawaka vizuri, ila mtandao hazikuuona, na fimwea iliyokosekana ilikuwa huko huko mtandaoni. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Mkurugenzi akaondoka na kompyuta yake, pekee iliyokuwa na mtandao, akiacha neno kwamba zisipoupata kufikia jioni, kesho zinarudi kwa muuzaji na chumba kinafungwa.

Tulibaki wawili. Simu ya Shangazi ni ya vitufe. Yangu ni ya kisasa, na siiachi hata nikideki, maana mtoto anaweza kupiga.

"Mama Kitinda, niazime simu. Usiogope, itarudi."

Akaifunga kwa waya kwenye kompyuta ya kwanza, nayo ikanyonya mtandao kupitia simu, ikapata fimwea yake. Akahamia ya pili. Kwenye ya saba mtoto akapiga, nikaongea naye nimeinama mezani kama ng'ombe mtoni, waya usichomoke. Aliuliza kama chumba kitakuwepo Jumatatu. Nilimwambia asome tu, huku machozi yanadondokea kibodi, Shangazi anayafuta kwa leso yake. Jua lilipofika ukuta wa mwisho, zote kumi na mbili zilikuwa macho.

Wangu alifaulu. Shangazi hajaamini tena utepe wa mashine nyingine.

Wiki iliyopita ilikuja kompyuta ya kumi na tatu, mpya kuliko zote. Nilikuwa na hofu ni nani atazijaribu mashine mpya Shangazi akiondoka. Alivua kamba ya kiatu shingoni mwake, akanivisha mimi, akasimama nyuma yangu mikono mgongoni na kuniacha nikosee. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu ikafunguka. Nikaandika utepe kwa mwandiko wangu huu mbaya: sauti ipo, waifai ipo, ikilala inaamka.

Asante, Shangazi, kwa milango yote uliyotuachia wazi. Tunakuombea pumziko tamu. Ukilala, ulale bila haraka ya Ijumaa, na ukiamka, ukute kila kitu chako kipo.