Claudine Manirambona na Kiti cha Pasikali

Baba paroko, ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Murungu, familia inaomba kila aliyepata pa kuketi aketi, maana mengi ya haya aliyasema marehemu mwenyewe akiwa kitandani, na aliomba yasikatishwe.

Claudine Manirambona alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 huko Munanila, enzi hizo ikiwa wilaya ya Kasulu, kwa wazazi waliotoka Burundi, akamaliza darasa la saba hukohuko mwaka 2003, kisha akalima maharage na kuyauza sokoni Kasulu, ambako alijulikana kwa kutopunguza bei hata kwa padri.

Tarehe 2 Julai 2011 alifunga ndoa na ndugu yetu Tharsisi Nsabimana, akahamia hapa, na tarehe 9 Agosti 2016, baada ya uchungu wa siku mbili, akajifungua mtoto wao pekee, Pasikali, ambaye hakulia, na alipotimiza mwaka bila kukaza shingo wala kukaa, madaktari walisema ana mtindio wa ubongo. Sisi wa ukoo tulisema mengine, mengi ya aibu, na mwaka 2018 Tharsisi akaenda kwenye mashamba ya tumbaku Tabora, hajarudi hadi leo.

Kila Alhamisi, kwa miaka saba, Claudine alimpeleka mwanawe kliniki ya mazoezi tiba Kibondo mjini, ambako mtaalamu, Bi. Nadège, alimfundisha kuyanyoosha magoti yaliyokaza, buhoro buhoro, yaani polepole bila kulazimisha, kumketisha kwenye kiti cha mbao chenye mikanda, na kumlisha akiwa wima, kidevu kikiinama kidogo, ameze kijiko kimoja ndipo apewe kingine. Mwaka 2024 Pasikali alishika kikombe mwenyewe, na loo, mama yule alivyopiga vigelegele, tukadhani kuna harusi.

Januari 2025 aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi, na Juni alipolazwa wiki tatu alituachia mtoto na kiti chake, nasi kwa huruma tukafungua mikanda, tukisema mtoto wa watu hafungwi kama mbuzi, tukamlaza chali, tukamnywesha uji kama kichanga, akapaliwa mpaka akapata homa ya mapafu, na mama yake aliporudi alimkuta na kidonda mgongoni, magoti yamekaza upya, kiti kimejaa magunzi ya mahindi. Hakugombana na mtu, alikaa chini akalia, na aliyeweka magunzi yale ni shemeji yake Bazilio, ambaye ndiye anayewasomea.

Claudine alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi. Nadège, majirani waliotuchotea maji, na wenzake wa sokoni Kasulu.

Lakini marehemu aliacha agizo, kwamba alipokuwa hai tulimwitikia ndiyo, ndiyo, kisha tukafanya yetu, ila msibani hakuna anayeondoka historia ikisomwa, kwa hiyo kaburi lisifukiwe kabla mtu mmoja wa ukoo huu hajamketisha Pasikali na kumlisha sawasawa mbele ya watu, Bi. Nadège akitazama. Mtoto yupo pale mlangoni, ana njaa, na uji umeshapoa kiasi. Bazilio amejaribu mara mbili asubuhi hii, akaharakisha kijiko cha pili, mtoto akapaliwa. Mwisho wa karatasi hii imeandikwa pumzika kwa amani, na haitasomwa hadi mmoja wetu atakaposimama.