Mashine Ni Nzima

Sikilizeni wanangu, sogeeni hapa kitandani nyote wawili, na wewe kifungua mimba wangu usisimame mlangoni kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Sauti yangu imekuwa ndogo, lakini moyo wangu leo ni mweupe, na nataka kusema kabla pumzi haijanikimbia.

Asubuhi mashine hii ya kunipa hewa ilipolia "pa!" ikazima, nikaunganishwa na mtungi wa akiba ambao nao ulikuwa unaishia, mimi baba yenu, fundi niliyewagombeza tangu mkiwa wadogo kwamba fyuzi haifungwi waya, niliogopa kufa. Nikakushika mkono, kitinda mimba, nikakwambia, "Funga waya, iwake tu!" Ukanijibu, "Hapana, baba. Fyuzi imeungua nyeusi tii, ndani kuna shoti. Nikifunga waya nitaua mashine nzima." Nikakutukana, mwanangu. Tusi lile nalirudisha kinywani mwangu, lisikuguse.

Kisha ukafanya nisilolitarajia: ukampigia simu dada yako, ambaye hamsemezani naye tangu tulipomzika mama yenu mkagombania karakana yangu. "Dada, njoo na daiodi, baba anakata pumzi." Hukumaliza kusema, naye yuko njiani. Nikawaona mmeinamia pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme, mmoja akimaliza umeme uliobaki kwenye kapasita, mwingine akipima kwa mita, mkang'oa daiodi zilizokufa, vile vijidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, mkalehemu mpya, mkaweka na fyuzi mpya. Na hata hapo hamkuchomeka ukutani kwa pupa. Mlipitisha umeme kwenye balbu kwanza, ikawaka ghafla kisha ikafifia, mkajua shoti imekwisha, maana ingekuwapo balbu ingebaki inawaka kwa nguvu. Mashine ilipounguruma tena nilicheka huku nahema, wanangu, maana hofu yote ilinitoka. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wale majirani waliojipenyeza kati yenu kuchochea ugomvi wa karakana sasa watafute kazi nyingine.

Basi shikeni haya. Karakana ni yenu wote, isigawanywe kwa ukuta. Meza yangu na vifaa vyake ni vya kifungua mimba, na ufunguo wa mlango akae nao mdogo wake, ili kila asubuhi mmoja amhitaji mwenzake. Redio ya kinyozi, yule tuliyekosana naye miaka na miaka, iko rafuni. Mpelekeeni, nimeshaitengeneza, na mwambieni kinyongo sina tena. Mkibishana, bishaneni juu ya kazi, jioni mle pamoja.

Mungu aibariki mikono yenu, awape subira ya kutafuta chanzo cha kila ubovu, na awalinde na pupa kama mlivyonilinda mimi leo. Sogeeni zaidi... sina nguvu ya kurudia. Mkiamka mkanikuta kimya, msikimbilie bisibisi. Msiifungue. Mashine ni nzima, wanangu... ni mimi tu nimefika.