Seilose Havea na Daraja Jekundu la Tonga

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi. Seilose Havea anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha Brisbane, yote katika kitengo cha kupima masoko ya nje. Kabla mashine zetu za kuwapa joto watoto njiti hazijapakiwa kwenda nchi yoyote, yeye ndiye aliyetuambia kama nchi hiyo ina uwezo wa kulipa, bandari inayofanya kazi na umeme wa kutegemewa.

Takwimu za benki kuu alizisoma kwa makini kuliko sote. Lakini akifika nchi ya watu, alianzia nyuma ya hospitali, mahali zinapotupwa mashine zilizokufa. Alitaka kujua zimeuawa na nini: chumvi ya bahari, panya, au kukosa fundi. Papua New Guinea alikuta kuku ameatamia mayai ndani ya mashine ya mshindani wetu. Aliporudi alituambia wakati wa chai, "Jamani, mashine nzima kabisa. Wamekosea mteja tu."

Kwa ushauri wake tuliuza Fiji, Samoa na Vanuatu wakati wenzetu wakiogopa vimbunga.

Wakubwa wa kiwanda wameniomba niishie hapo. Siwezi.

Novemba iliyopita, hospitali moja ya visiwa vya nje vya Tonga, alikozaliwa Seilose, iliagiza mashine tano. Huko mtoto njiti hupelekwa mji mkuu kwa ndege, ndege ikiwapo. Mkurugenzi wa mauzo, Darryl Pocock, akamwondoa kwenye tathmini hiyo mbele yetu.

"Sei, usinielewe vibaya. Wale ni watu wako, utawapendelea."

"Na New Zealand je, Darryl? Mkeo ni wa Wellington, na kila mwaka unaipima wewe."

"Hiyo ni tofauti, Sei."

"Tofauti yake nini? Niambie, nami nijifunze."

 Akaletwa mshauri kutoka Sydney ambaye hajawahi kukanyaga Tonga. Alisoma kwamba nchi ile inauza nje maboga na samaki, basi, akaipa daraja jekundu. Hakutazama pesa ambazo jamaa walioko Auckland, Sydney na hapa hapa Brisbane hutuma nyumbani, nazo ndizo nguzo ya uchumi ule. Makanisa yao yalikuwa yameshachangia mashine hizo hizo. Wa kumwuliza alikuwa ameketi chumba cha pili, na hakuna aliyemgongea mlango.

Kwetu daraja jekundu maana yake hatuuzi.

Kumwamini mtu kwa nchi zote za dunia, kisha kumshuku siku inapotajwa nchi yake, ni tusi. Sisi tulioondoka kwetu zamani tunalijua, hata likisemwa kwa upole.

Hospitali ile sasa imemwomba Seilose aitafutie muuzaji, naye amekubali bila mshahara. Jumatatu anakwenda Auckland kukagua mashine za kwanza. Kiwanda chetu hakimo kati ya vile anavyovipima, na hatuna wa kumlaumu.

Ahsante, dada Seilose, kwa kazi na kwa vicheko. Tunakuombea afya njema na pumziko jema nyumbani. Mashine zile tano na ziwake mapema, hata kama nembo yake si yetu.