Bunduki Nyepesi ya Arlys Kangas

Sogeeni, sogeeni karibu. Wewe mwenye kijiko kiweke chini kwanza, na mlango ufungwe, baridi hii haina adabu. Mkinyamaza nitawapa habari ya Arlys Kangas na wale wanaume watatu wa benchi la kona, pale Kivela, huku juu Michigan. Benchi lenyewe ni mbao tatu tu, limeegemea ukuta wa duka la Hulda la chakula cha mifugo na bunduki, mahali bomba la jiko linapotokea, ndiyo maana hata theluji ikifika vifundoni wazee wako hapo hapo, birika katikati, kila mmoja kabana kipande cha sukari kwenye meno anafyonzea kahawa. Kulikuwa na Delmer Kangas, waliyemwita Mzinga, kwa kuwa hajawahi kushika bunduki akasema hii inatosha. Kulikuwa na Gordon Trudell, Mizani, anayejijazia risasi mwenyewe nyumbani, anapima baruti punje kwa punje kama dawa ya kichanga. Na Reino Lampi, Shemasi, mpitisha sahani ya sadaka kanisani. Zilibaki siku sita msimu wa kulungu ufunguliwe. Akaja Arlys kwa miguu, kakumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi.

— Shemeji! Mzinga aliita. Unaipeleka wapi bunduki ya kaka yangu?

— Kwa Hulda. Nataka anibadilishie, anipe ya bei ya chini. Nyepesi.

Mzinga nusura ameze sukari nzima.

— Ubadilishe magnum ya mumeo Verner, bunduki kubwa namna hiyo? Marehemu hajamaliza hata miaka miwili!

— Inanipiga teke, Delmer.

— Bunduki zote zinapiga teke, alisema Mizani. Ukitaka isiyopiga teke, mama, nunua ufagio.

Wakacheka. Arlys naye akacheka kidogo, maana walikuwa watu wake hao, aliwajua tangu wana nywele. Lakini bunduki hakuiweka chini. Mwaka uliopita, mwaka wa kwanza bila Verner, aliichukua ile magnum akaenda peke yake, kwa sababu asipopata nyama Novemba, basi ni maharage mpaka Aprili. Alimkuta kulungu dume amesimama wima. Akapiga. Na kabla bunduki haijalia, alikuwa keshafumba macho, kwa kulihofia lile teke. Risasi ilimvunja yule mnyama taya. Arlys alifuata damu hadi theluji ikaifunika, akarudi nyumbani akikokota miguu.

Hakumwambia mtu. Aliwaambia amekosa, risasi imegonga tawi. Na huku kwetu ukikosa kulungu unakatwa ncha ya shati, inapigiliwa ukutani dukani na jina lako, watu wakacheke. Ya kwake ilikuwa humo ndani, kipande cha shati la Verner chekundu, miongoni mwa vitambaa vya wenye kukosa. Kila akiingia kununua mtama wa kuku anakiona, na kila akikiona anasikia yule mnyama anavyokohoa vichakani. Alikuwa ameapa: asipopata bunduki anayoweza kumuua nayo kulungu mara moja, hapigi tena, na maharage yawe maharage.

— Hulda ana moja ya mitumba, akasema. Ya risasi ndogo, ile mbili arobaini na tatu. Kitako kimechubuka, lakini nimeiweka begani ikanikaa sawasawa.

— Mbili arobaini na tatu! Mzinga alishika kichwa. Risasi yake nyembamba kuliko penseli. Hiyo ni ya kutisha panya, shemeji.

— Bibi yangu alipata dume kubwa kwa ndogo kuliko hiyo, alisema Shemasi.

— Bibi yako kulungu alikufa kwa kumwangalia usoni.

— Mwache bibi yangu.

— Nasema hivi, Mzinga alinyoosha kidole. Magnum ya Verner, hata ukimkosa, upepo wa risasi peke yake unamwangusha.

— Basi mwaka jana upepo ulikuwa umesafiri, alisema Shemasi, akaelekeza kidevu dukani, kwenye vile vitambaa.

Wakacheka tena. Safari hii Arlys hakucheka.

Mizani akajisogeza. Akizungumza huyu, hutazama vidole vyake kana kwamba vimeshika kitu kidogo.

— Nyote mnasahau maji. Kulungu wa upande wetu wanakunywa maji yanayotoka machimboni. Chuma kitupu. Kinaingia mifupani. Nimeupima mimi mfupa wa paja.

— Kwa mizani gani?

— Ya baruti.

— Ile ndogo kama kisosi?

— Nilikatakata.

— Bwana, Shemasi alisema taratibu, kama mifupa ni chuma, risasi za nini? Si tuende na sumaku?

— Cheka. Ndogo ikigonga bega la kulungu wa huku inarudi ilikotoka.

— Tatizo si risasi, ni harufu, alisema Shemasi. Bunduki mpya inanuka duka, ya mitumba inanuka mwenyewe wa zamani. Yangu naitundika zizini tangu Agosti. Kulungu akija ananiona ndama tu. Mmoja alinilamba mtutu.

— Na ukampiga?

— Ungeweza wewe?

Arlys aliketi ukingoni mwa benchi, bunduki ya Verner magotini. Mzinga akammiminia kahawa, akamsukumia mkate wa iliki, kwani ubishi wake haukuwahi kumzuia kumlisha mtu.

— Jamani, mniambie kweli, alisema Arlys. Sitaki maneno. Ipi inamuua mara moja, asiteseke?

— Kubwa, alisema Mzinga, na sasa hakuwa anatania. Kubwa, shemeji. Fikiria katokea ng'ambo ya bonde, hatua mia nne. Hiyo penseli yako itafika imechoka.

— Mia tano, alisema Mizani. Na upepo wa ubavuni.

— Na ziwa je? aliuliza Shemasi. Akiwa ng'ambo ya ziwa? Mia sita hiyo, au zaidi.

— Umeona? alisema Mzinga. Hata Shemasi anakubali. Verner alijua alichokuwa anakifanya. Usimwaibishe kwa kitu cha kitoto. Mwanamke wa Kangas!

Arlys alitazama blanketi. Verner kweli alijua. Lakini Verner alikuwa na mabega kama mlango wa ghala. Hata hivyo watatu walikuwa wamesema, na wote wameua kulungu wengi kuliko yeye, na yeye ameua wangapi kwa macho wazi? Akaanza kulikaza blanketi upya, arudi nayo nyumbani. Moyoni alijua akirudi nayo hatapiga mwaka huu. Hatapiga tena.

Hapo ndipo alipofika Marisela, yule mpeleka barua mpya kutoka Florida, wiki yake ya tatu tu, kavaa kofia mbili. Alimpa Mzinga bahasha, akasimama karibu na bomba kupasha mikono.

— Samahani wazee wangu, nimewasikia tangu kona ile. Mimi sijawahi kuwinda. Naweza kuuliza?

— Uliza mwanangu, alisema Mzinga. Hapa ndipo chuo.

— Huyo kulungu wa mwisho uliyempata wewe, alikuwa umbali gani?

Mzinga alifungua kinywa. Akatazama kikombe.

— Inategemea, alisema.

— Na wewe mzee?

Mizani alikuwa anahesabu kitu barabarani, nguzo labda. Akafika ya pili, akaacha. Shemasi alitikisa birika akakuta tupu, akaendelea kulitikisa. Msitu wetu ni mnene, wanangu. Mtu anakaa kibandani, kamwaga karoti mbele yake, kulungu anakuja kula karibu kama mgeni mezani. Wote watatu walilijua hilo tangu utotoni, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kulitamka baada ya zile hatua mia sita.

— Wangu alikuwa kama kutoka hapa hadi kwenye lile lori, alisema Arlys.

Lori lilikuwa hatua thelathini.

— Yule uliyemkosa? aliuliza Shemasi.

— Sikumkosa, Reino. Nilimvunja taya. Nilimfuata mpaka nikashindwa. Nilifumba macho kabla ya kupiga, niliogopa lile teke. Hakukuwa na tawi.

Mpeleka barua aliinamisha kichwa. Hakuna aliyecheka, hata kwa bahati mbaya. Mzinga alivisugua vidole vyake vikubwa vilivyopasuka kwa baridi.

— Na mimi hufumba, alisema hatimaye, chini chini. Tangu nianze kutumia kubwa. Miaka tisa.

— Wewe? alisema Mizani.

— Nyamaza, Gordon.

Akanyoosha mikono, akaichukua bunduki ya kaka yake magotini mwa Arlys, kwa upole kama anampokea mtoto aliyelala.

— Hii usimpe Hulda. Niachie mimi. Hiyo ndogo nakulipia. Na risasi nyingi, shemeji, za kujifunzia. Ile ya bei ya chini ndiyo inakuachia hela ya risasi za kujifunzia.

Arlys aliingia dukani, akajaza karatasi za Hulda za kuuziwa bunduki, akatoka na bunduki iliyochubuka. Siku tano mfululizo alisimama nyuma ya ghala lake akipiga sahani za karatasi alizozipigilia kwenye boksi la udongo, na Mizani kando yake akisema tu, "Tena, macho wazi. Tena." Siku ya pili ya msimu, asubuhi, jike la kulungu lilikuja chini ya miti yake ya tufaha. Arlys alipiga macho wazi, akaliona hadi mwisho. Lilipiga hatua mbili, likalala.

Miaka kumi na miwili baadaye Arlys alifariki. Mzinga alikuwa ametangulia. Magnum ya Verner aliirithi Carlene, binti wa Mzinga, kaitundika juu ya mlango, haipigi. Ile mizani ya baruti iko kwa Hulda, anapimia mbegu. Shemasi aliliachia kanisa ng'ombe wawili, kanisa likashangaa. Na ile nyepesi aliipata Tyyne, mjukuu wa dada yake Arlys, msichana mwembamba wa mabega, pamoja na sahani moja ya karatasi yenye matundu matano, ambayo yote unaweza kuyafunika kwa kiganja cha mkono wako.