Walishuka Wawili

Benchi la Irungu pale Emali lilikuwa taruma kuukuu la reli lililolazwa juu ya mawe mawili mbele ya duka lake. Ukigeuza shingo kushoto unaona stesheni, ukigeuza kulia unaona malori ya Mombasa. Mwaka huo, 1984, mvua ilikuwa imekataa tena. Shamba halikuwa na kazi ya kumwita mtu, foleni ya mahindi ya manjano ya msaada ilikuwa siku moja kwa wiki, na siku zilizobaki wanaume walizimalizia hapo. Irungu mwenyewe walimwita Birika, kwa sababu ya kahawa chungu ya tangawizi aliyojifunza kuipika alipokuwa Mombasa. Mutie alikuwa Breki: miaka ishirini alikuwa taniboi wa malori, kazi yake kuruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Ndululu alikuwa Pasta, ingawa kanisani hakuwahi kufanya lolote ila kupiga kengele, na hata kengele walimnyang'anya. Wa nne alikuwa Kiema, na wiki tano hizi jina lake lilikuwa Meli.

Kiema alikuwa ametoka kwenye meli kubwa ya watalii, ile ya kuzungusha wazungu baharini wakila na kucheza dansi. Alikuwa akifua nguo huko, chini kabisa, mahali pasipo na dirisha. Alichukuliwa kazi Mombasa pamoja na kijana mmoja wa Matinyani, upande wa Kitui, aliyeitwa Musembi. Kontrakti ikaisha, meli ikawashusha wote wawili Ugiriki wapande ndege warudi. Aliyefika Nairobi alikuwa Kiema peke yake. Walipomuuliza mwenzake yuko wapi, alisema:

— Amebaki kidogo. Mambo ya karatasi.

Tangu siku hiyo benchi lilikuwa na kazi.

— Meli, leo wiki ya ngapi? Breki aliuliza, akipuliza kahawa.

— Ya tano.

— Wiki tano! Karatasi gani hizo? Mimi kipande changu, kitambulisho tu, nilingoja wiki mbili, na chifu alikuwa ananichukia.

— Wewe hujui karatasi za wazungu, Irungu alisema. Zinahitaji mihuri.

— Muhuri wapi! Huyo kijana ameoa. Sikiza nikuambie. Kwa ile meli kunakuwa na mama mzee, bwana yake amekufa, amebakiwa na nyumba na mbwa. Anatoa nguo zifuliwe, anaona zimekunjwa vizuri, anauliza, nani huyu ananikunjia hivi? Kwisha! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapo umeingizaje mvungu?

— Si nguo ziko chini ya kitanda?

Walicheka. Kiema pia alicheka, kidogo, akitazama kikombe.

— Hapana, Irungu alisema. Mimi naona amerudi kwenye meli. Amefika uwanja wa ndege, amesikia redio, wanasema Ukambani watu wanakula mahindi ya manjano. Wewe ungerudi? Mtu anatoka mahali pa nyama asubuhi na jioni. Si ni kweli, Meli? Mlikuwa mnakula nyama?

— Ilikuwapo, Kiema alisema.

— Unaona!

Pasta alikohoa. Alipokohoa hivyo kila mtu alijua anakuja na maandiko.

— Nyinyi mnaongea mambo ya mwili. Imeandikwa mnyama atatoka wapi? Baharini. Na bila alama mtu hatanunua wala kuuza. Sasa ejenti wa meli akamwambia Musembi, lete mkono nikupige alama ndipo upande ndege. Kijana amelelewa kanisani. Akakataa. Wamemfungia. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Omo gani? Breki aliuliza. Hii ya kufulia?

— Hiyo hiyo. Kwani kazi yake haikuwa kufua?

— Na tezi?

— Tezi ni ugonjwa wa shingo.

— Kwa hivyo aliugua?

Kiema alimwaga kahawa kidogo kwenye goti. Akaipangusa kwa kiganja.

— Hakuna mtu amesema aliugua, alisema.

— Basi, Breki akadakia, ndipo mimi nawaambia ukweli wenyewe, ule wa ndani. Yule mama mzee muacheni. Meli, mkiletewa nguo, mfukoni mlikuwa mnatoa vitu?

— Tulikuwa tunatoa. Kalamu. Miwani.

— Na karatasi?

Kiema alikiweka kikombe chini.

— Hata karatasi.

— Haya! Breki alisimama, mguu wake mbovu ukimsumbua. Musembi ametoa karatasi kwa suruali ya mzungu. Kumbe mzungu ni jasusi! Karatasi ina ramani ya bomu. Serikali ya huko inasema, huyu Mkamba ameshasoma, hawezi kuachiliwa. Ndiyo maana wameshikilia yeye na wewe wamekuachilia. Kikulacho ki nguoni mwako!

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyempinga. Irungu aliongeza kahawa bila kuombwa. Pasta alisema pengine jasusi na mnyama ni mtu mmoja. Wakamgeukia Kiema wote watatu.

— Inawezekana, Meli?

— Inawezekana, Kiema alisema.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Wao walijenga, naye aliwapa misumari. Nyumbani mke wake, Nthenya, alikuwa ameacha kumuuliza, na huko kutouliza kulimchosha kuliko maswali. Kwenye benchi aliulizwa mchana kutwa, lakini maswali yenyewe yalikuwa ya majasusi na wajane wa Ulaya, na hayo aliweza kuyajibu.

Ukweli haukuwa na bomu. Siku ya kushuka, abiria walitangulia kwa mlango wa juu, wakipiga picha na kukumbatiana na nahodha. Wafanyakazi walingoja mpaka saa sita, wakatolewa kwa mlango wa chini wa kupitishia mizigo. Musembi alikuwa na siku ya nne akiumwa tumbo, upande wa kulia, na siri hiyo alikuwa nayo Kiema peke yake. Kila asubuhi alimsaidia kusimama. Musembi alisema:

— Usiwaambie. Wakijua mimi ni mgonjwa watanizuia kwa ndege. Nifike Nairobi tu. Nikifika Nairobi hata nikianguka, nimeanguka kwetu.

Ejenti alikuwa na pasipoti zao zote kwenye mfuko, akiita majina. Wakaingizwa kwenye basi. Njia nzima Musembi aliuma taulo. Uwanja wa ndege wakarudishiwa pasipoti; dada wa kaunta alimwona anavyotoka jasho, akaita mkubwa wake, mkubwa akaita daktari. Daktari alimbonyeza tumbo mara moja, na Musembi akapiga ukelele kwa Kikamba uliofanya foleni yote igeuke. Wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, wakasema gari la hospitali linakuja.

Ejenti akamwambia Kiema:

— Wewe unajua Kiingereza, yeye hajui. Baki naye umsaidie kuongea. Kuna ndege nyingine Jumamosi, nitawapeleka pamoja.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Siku tatu. Kiema alikuwa amewaona wenzake wengine bandari nyingine wakiambiwa Jumamosi, na Jumamosi yenyewe ikageuka miezi. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa akiwa hewani, mkanda umembana tumbo. Lakini alijua si hiyo. Miezi kumi na minne hakuwa ameiona nyumba yake. Ndege ilikuwa pale nje ya kioo, mlango wazi, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Alitaka nyumbani, basi. Musembi alikuwa amemshika shati hapa ubavuni, kama mtoto anavyoshika leso ya mama sokoni. Kiema alimfungua vidole kimoja kimoja.

Alipofika nyumbani akatuma neno Matinyani kwamba Musembi yuko nyuma kidogo. Kila siku aliposikia treni ya kutoka Nairobi alijiambia, pengine leo atashuka.

— Mama, karibu, Irungu alisema.

Hapo ndipo Kiema alipoinua kichwa. Mama mmoja anayekaribia uzee alikuwa amesimama mbele ya benchi, kanga mabegani, kikapu mkononi, viatu vya plastiki vimejaa vumbi hadi kwenye vifundo. Kiema hakumfahamu. Hawakuwa wamewahi kuonana.

— Kaa hapa, mwaitu, Breki alisema, akimwita mama kwa Kikamba na kumpisha. Wewe ni mtu mzima, utukatie kesi. Kuna kijana ameenda kwa meli, wakati wa kurudi hakurudi. Mimi nasema amegundua siri ya wazungu. Huyu anasema nyama imemshinda kuacha. Pasta anasema ni mnyama wa baharini. Nani ana haki?

Mama hakukaa. Aliwatazama mmoja mmoja.

— Kijana anaitwaje? aliuliza.

— Musembi. Mtu wa Matinyani.

— Mimi ni Kalondu, mama alisema. Huyo nilimzaa mimi.

Alizungumza Kikamba, na hata Irungu, ambaye kwao ni Murang'a, alielewa kila neno, kwa kuwa alikuwa ameishi Emali miaka kumi na sita. Breki alibaki mkono wazi, akielekeza nafasi aliyompisha.

Kalondu alitoa bahasha kifuani, lakini hakuifungua.

— Hii ilifika Nairobi, ikapelekwa kwa mkuu wa wilaya, DC wa Kitui, DC akaipa chifu. Chifu alinisomea juzi. Kidole tumbo chake kilikuwa kimeoza. Walimpasua, akafa siku ya pili. Wamemzika huko. Wameandika jina la mahali, chifu ameshindwa kulisoma.

Birika lilikuwa likichemka juu ya jiko na Irungu hakuliondoa.

— Natafuta Kiema, Kalondu alisema. Nimeambiwa hukaa hapa.

Wote watatu walitazama chini, na kwa kutazama chini wakawa wamemwonyesha. Kiema alisimama.

— Ulituma neno kwamba yuko nyuma yako kidogo, Kalondu alisema. Nilimwekea kuku. Wengine wote walikufa na ukame, huyo nikamlisha chakula changu. Lakini sikuja kugombana. Miguu yangu imetoka mbali, haina nguvu ya kugombana. Barua inasema alitolewa uwanja wa ndege. Kwa hivyo ulikuwapo.

— Nilikuwapo, mwaitu.

— Nimeuliza chifu, hajui. Nimeuliza mchungaji, ameniombea, lakini hajui. Ni wewe tu unajua. Ulimuaga?

Irungu alisema kwa sauti ndogo:

— Mama, kunywa kitu kwanza.

Kalondu hakumsikia. Alikuwa akimtazama Kiema usoni, bila hasira. Hasira ingekuwa afadhali. Kiema alihisi zile hadithi zote za wiki tano zikimjia mdomoni: angesema ndiyo, nilimuaga, tuliomba pamoja, akatabasamu, akasema msalimie mama. Zilikuwa tayari, zimepangwa. Hakuna mtu duniani angeweza kumbishia.

— Sikumuaga, alisema.

— Alikuwa amelala?

— Alikuwa macho. Alikuwa amenishika. Nikamwambia naenda choo. Nikamwambia nakuja sasa hivi. Akaniacha nimfungue vidole.

Breki alikaa chini polepole.

— Naye akakubali, Kalondu alisema.

— Alikubali. Alisema, usikawie.

Mama alihamisha kikapu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kilikuwa chepesi, lakini alikihamisha kana kwamba ni kizito.

— Hicho choo, alisema, pale alipokuwa amekaa, alikuwa akiuona mlango wake?

Kiema aliona upya ule ukumbi mrefu, sakafu inayong'aa, mlango wa choo ulio na picha ya mwanamume, na Musembi kwenye kiti cha magurudumu, uso ukiuelekea. Yeye Kiema alikuwa ameingia kweli. Alingoja mle ndani kidogo, kisha akatoka nyuma ya kundi la watalii, akainama, akapita.

— Alikuwa akiuona, alisema.

Kalondu aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lilipo. Akairudisha bahasha kifuani, akajifunga kanga vizuri. Nthenya alikuwa amefika akikimbia, mtu alikuwa amemwita; alimshika mama mkono akamsihi aende nyumbani apumzike, ale, alale. Kalondu alimshukuru kwa upole akasema hapana, kuna watu wanamngoja matangani.

Kisha aliligeukia benchi, akauliza gari la Machakos, la kuelekea kwao, hupita saa ngapi. Breki alijua. Alijua kila gari lililopita Emali, kwa saa na kwa dereva. Alimpokea kikapu, akatangulia naye barabarani akichechemea.