Mama Anastasie Asende na Mbegu za Minembwe

Padri wetu, ndugu wafiwa, majirani wa hapa Fizi, nanyi mliopanda kutoka Baraka kwa pikipiki tangu asubuhi, mimi ni Fabien Wilondja, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kabla sijaanza nawaomba wale walioketi upande wa jiko wasogeze viti mbele kidogo, kwa sababu nyuma yao kuna tuta ambalo kazi yake haijaisha, na sitaweza kusoma vizuri huku nikiangalia miguu ya watu. Asanteni.

Anastasie Asende alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha wavuvi huko Ubwari, mtoto wa kwanza wa mzee Casimir Wilondja na mama Florentine, akaletwa Baraka kwa mtumbwi akiwa bado ananyonya, na mama yetu alikuwa akisema kwamba tangu safari ile mtoto hakutulia tena, alikuwa kiguu na njia, ukimtuma chumvi anarudi na chumvi pamoja na habari za avenue nzima. Alisoma shule ya msingi hapo Baraka kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akaendelea na sekondari, akapata diploma yake ya ualimu mwezi wa saba mwaka 1988.

Septemba 1989 alipelekwa kufundisha Minembwe, kule juu milimani, akapokelewa nyumbani kwa Mama Mukarurangwa, mfugaji na mkulima, aliyempa chumba, akamzoeza baridi, akamwonyesha nyuma ya nyumba yake kitu ambacho sisi wa ziwani tulikuwa hatukijui, brokoli, jamaa ya shu, yaani kabichi, ila yenyewe haifungi majani, bali hutoa kichwa cha kijani, na kichwa hicho ni maua ambayo hayajafunguka. Haikuwa mbegu ya dukani, ile ambayo ukiipanda tena watoto wanakuja kila mmoja na sura yake, ilikuwa mbegu ya zamani, ambayo nyumba ile iliirudisha udongoni mwaka hata mwaka, na watoto wakazidi kufanana na mama yao. Dada yangu alipoaga kwenda kuolewa, Mama Mukarurangwa alimfungia mbegu kidogo katika kipande cha kitenge, akamwambia, «Yetu ikiisha siku moja, utaturudishia», naye akakubali.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1994 katika parokia yetu hapa Fizi na mwalimu mwenzake Déogratias, huyu shemeji mnayemwona mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Roger mwaka 1995, Nadège mwaka 1999 na Tania mwaka 2004. Oktoba 1996 vita viliwavusha ziwa hadi Tanzania, Roger akiwa mgongoni na mbegu zikiwa zimeshonwa kwenye pindo la nguo, na hapo ndugu zangu ndipo mjue jambo moja, kwamba mbegu ya brokoli haina subira, ukiiacha miaka mingi ndani ya kopo inafia humo humo bila kukuaga. Kwa hiyo ilimbidi aipande kila alipofika, kambini nyuma ya hema, Baraka waliporudi mwaka 2007, kisha hapa Fizi alipopewa darasa mwaka 2009, darasa aliloliongoza hadi Pasaka ya mwaka huu, na kila mahali alikuwa roho juu, akiomba utulivu udumu walau mpaka maganda ya mbegu yakauke.

Mimi nimekula mezani kwake miaka mingi, na sijawahi kuonja kile kichwa kikubwa kuliko vyote. Tulipewa vile vidogo vya pembeni, na majani yaliyopikwa kwa mawese, huku kile kinono kikitutazama kutoka kwenye tuta, maana kilicho bora hakikuliwa, kiliachwa kifungue maua na kuzaa. Na shu ya jirani ikitoa maua, alipita kuyakata ili nyuki wasichanganye mbegu, hodi alipiga akiwa tayari yuko ndani ya shamba na kisu mkononi.

Agosti mwaka jana simu ilipigwa kutoka Minembwe, ni Ihirwe, binti ya Mama Mukarurangwa, akasema walikimbia, wamerudi, na kwenye bustani hakuna hata punje, mama yake amezeeka sasa na kila siku anauliza, je, ile ya Anastasie ingaliko? Ahadi ni deni, ndugu zangu, na siku hiyo dada yangu alichangamka kama aliyeitwa kazini upya. Alipanda mwezi wa kumi na mbili kila punje aliyokuwa nayo, hakubakiza akiba, kwa kuwa zilikuwa zimeanza kuzeeka na aliogopa zingine hazitaota.

Mwezi wa tatu miguu ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, na tarehe 19 Mei daktari alituambia moyo umepanuka, afadhali ashuke Uvira kupimwa zaidi. Niliacha biashara Misisi nikaja na gari hadi hapa mlangoni, nikamkuta kwenye kiti chake kando ya tuta, ana fimbo ya kufukuza ndege, akaniambia, «Mi siende sasa, mbegu ingali mubichi, ikauke kwanza, nyuma mutanipeleka kwenye munapenda». Nilisema, nikabembeleza, nikapiga kelele, gari likarudi tupu. Alifariki katika hospitali yetu hapa Fizi, Jumanne tarehe 10 Juni 2025, akiwa na miaka 57, mume wake ameshika mkono wake.

Nimekasirika, sitawaficha, nilikasirika naye na nikaikasirikia mboga hii. Daktari nimemwuliza mara mbili kama Uvira wangemwokoa, akanijibu mara zote mbili, huenda ndiyo, huenda hapana, na hiyo huenda hainiachi nikae.

Na jana vijana walipokuwa wanasafisha uwanja ili kusimamisha bâche, turubai la matanga, waling'oa tuta la mbele, wakidhani ni shu iliyozeeka, wakawatupia mbuzi. Shemeji Déogratias alitoka ndani akilia kwa sauti, «Mbegu! Mbegu ya bibi yangu!», na Mama Solange wa jikoni akawakimbilia mbuzi na mwiko wake, akarudi na matawi yaliyosalia, ndiyo hayo mnayoyaona yananing'inia chini ya paa, hatujui kama yatakomaa. Mimi niliyetaka kuichoma ile bustani, nilijikuta nimepiga magoti, naokota maganda kwenye vumbi.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake na wanafunzi waliokuja na nyimbo zao, Mama Solange na mwiko wake, na kwa namna ya pekee majirani, mliovumilia miaka yote hiyo kukatiwa maua ya shu zenu, kuanzia leo ninawaomba mvumilie tena, maana atakayepita na kisu ni mimi. Nilipaswa kurudi Misisi kesho, lakini pikipiki nimempa Roger aende badala yangu, kiti kile na fimbo nimevichukua mimi, nitakaa hapo kando ya tuta lililobaki hadi ganda la mwisho likauke, na barabara ikifunguka nitapanda mwenyewe Minembwe kumwambia Mama Mukarurangwa kwamba iko, hata kama itakuwa konzi moja.

Dada Anastasie, ndege nitawafukuza mimi, wewe sasa pumzika kwa amani.