Ukubwa Unaachwa au Unafichwa?

Kijiwe chetu hakina benchi la kudumu. Kipo mbele ya banda la Fundi Makochi, na tunakalia chochote walicholeta wateja kutengenezwa. Wiki hii tulibahatika: kochi la watu watatu, limevuliwa kitambaa, springi moja inachokoza upande wa kushoto. Upande huo alipewa Katibu wa kwaya kwa sababu alichelewa kufika. Katikati nilikaa mimi, Redio, kama inavyomstahili mtu aliyeishia darasa la sita lakini akili yake ikaendelea na shule. Kulia alikaa Fomeni, ndani ya koti lake la buluu lililotariziwa FOMENI kifuani, ingawa karakana aliyoisimamia imefungwa siku nyingi. Ng'ambo ya barabara ni gereji ya Spana, kijana aliyefundishwa kazi na huyuhuyu Fomeni tangu hajui kushika bisibisi. Spana alikuwa amemletea ujumbe: kazi ipo, ya kuosha vipuri, akiitaka aje leo asubuhi, asipokuja anachukuliwa mwingine. Asubuhi ilikuwa inakatika, na Fomeni alikuwa anajimiminia kahawa tena.

— Fomeni, bado upo tu? Fundi aliuliza, misumari midogo imejaa mdomoni.

— Nafikiri.

— Wenzako wanasubiri, wewe unafikiri!

— Yule nimemfundisha mimi, Fundi. Leo anipe ndoo ya dizeli niwaoshee vipuri vijana wake?

Katibu, ambaye mahubiri ya Jumapili huyala kama kiporo hadi Alhamisi, akaona nafasi yake.

— Ndugu yangu, tumefundishwa jambo hilohilo. Mwana wa Mungu alikuwa juu kabisa, kila kitu chake. Akaacha ukubwa wote, akazaliwa mtoto wa watu, akawa mtumishi.

— Aliacha au alificha? Fomeni akadaka. Maana mtu mkubwa hata akishika ufagio, funguo za ofisi ziko mfukoni. Alituliza mawimbi, sivyo? Angekuwa ameacha, angeyatuliza na nini?

— Ni kama kochi, alisema Fundi. Ukilivua kitambaa, mbao ni zilezile.

— Kwa hiyo Mungu ni mbao? Fomeni akauliza.

— Nimesema kama! Katibu, mwambie nimesema kama!

Hapo nikaona wanapotea, nikaingilia.

— Nyinyi mnazungumza kwa kusikia, mimi nimeona. Nilipokuwa napakia saruji kiwandani, mwenye kiwanda alikuja kwa siri, kavaa kandambili, akabeba mifuko pamoja nasi. Nilimtambua mimi peke yangu, kwa namna alivyokuwa anasema samahani. Akanibembeleza nisimtaje.

— Juzi kilikuwa kiwanda cha sabuni, alisema Fundi.

— Kilikuwa na pande mbili. Usinikatize. Yule bwana alikuja kukagua. Na huyu wa Katibu ndivyo: ukaguzi wa ghafla.

Katibu akasogea kuikwepa springi.

— Redio, mfuko ulipomwelemea huyo mwenye kiwanda, alifanyaje?

— Alipiga simu, gari likaja kumchukua.

— Basi. Huyu ninayemsema mimi, walipompigilia misumari, gari halikuja.

Nikapiga funda moja la kahawa. Lakini mimi kushindwa hakunikai vizuri.

— Labda alizima swichi kubwa makusudi, nikasema. Pakitakiwa muujiza, anawashiwa jenereta.

— Jenereta la nani? Katibu akauliza.

— La Baba yake.

— Mnaona? Fomeni akapiga goti lake. Dizeli inatoka nyumbani! Bado ni bosi. Sasa sikilizeni. Nitakwenda kwa Spana. Ila kabla sijagusa ndoo, namsimamisha mbele ya vijana wake wote, namwambia: kijana, usisahau ni nani aliyekufundisha. Nikishasema hilo, nitaosha.

— Haki yako kabisa, nikamuunga mkono. Ningekuwa mimi, ningemwambia mara mbili.

— Hodi jamani. Hilo kochi si langu?

Alikuwa mama mmoja mwenye mjukuu mchanga begani. Tulisimama kama wanafunzi waliokutwa jikoni.

— Lako, mama, alisema Fundi. Tunajaribu springi.

— Watu watatu?

— Ndio uwezo wake, mama.

Akaketi mwenyewe, upande mzuri, akampakata mtoto.

— Endeleeni tu. Nimewasikia tangu kule kona.

— Tunasema hivi, mama, Fomeni akamweleza kwa adabu. Mkubwa akishuka chini, lazima awakumbushe watu yeye ni nani.

Mama akamfuta mtoto udenda kwa kidole.

— Mahubiri mimi siyawezi, nauliza tu. Huyo mnayemsema, mama yake alipokuwa anambadilisha nepi, yeye aliwahi kumwambia mama, usisahau mimi ndiye niliyekuumba?

Fundi alitema misumari yote kiganjani, akaanza kuipanga kwa ukubwa. Mimi, niliyewahi kuwanyamazisha mawakili wawili katika msiba mmoja, nilichungulia ndani ya kikombe changu.

Fomeni alisimama. Akalivua koti, akaliweka juu ya mkono wa kochi, akavuka barabara na shati lake jeupe. Alipofika katikati tukamwona anageuka, anarudi mbio.

— Grisi itamaliza shati, alisema bila kumtazama yeyote. Mke wangu ataniua.

Akalichukua koti, akaligeuza ndani nje, akalivaa hivyo hivyo, neno FOMENI likilala kifuani mwake na nyuzi zenye mafundo zikionekana kwetu. Akavuka tena. Spana alitoka getini akifuta mikono kwa kitambaa.

— Shikamoo, mwalimu.

— Marahaba. Ndoo iko wapi?

Tulisubiri aongeze neno. Hakuongeza. Akainama, akaingia chini ya geti lililopandishwa nusu.

— Ameacha, alisema Katibu taratibu.

— Ameficha, alisema Fundi. Maandishi si yamo kwa ndani?

— Ameacha! Umesikia alichosema?

— Umeona alichovaa?

Wote wawili wakanigeukia mimi niamue. Nikainua birika ili nianze kwa kujimiminia, likatoa machicha matupu.

— Na kochi langu, aliuliza mama, litakuwa tayari lini?

Fundi akairudisha misumari yote mdomoni.